MWILI NI AMANA, NA ULIMI WA WATU SI HAKIMU

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba wanaadamu kwa rangi na sura mbalimbali. Ama baada ya hayo: somo hili lahusu mtu ambaye watu huutazama mwili wake, wakamkatia hukumu kabla hajatenda neno.

Katika pwani ya Mtwara, tangu Mikindani hata Msimbati na mlango wa mto Ruvuma, riziki nyingi hutafutwa juani: uvuvi, chumvi, minazi na mikorosho. Kwa hiyo azaliwapo mtoto mwenye ualbino, barazani husemwa mapema: "Huyu hawezi kazi." Wengine humwita zeruzeru, na wengine huzidi wakanena kwamba mtu kama huyo hafi bali hutoweka. Yote hayo ni dhana tupu. Ualbino hurithiwa kwa baba na mama pamoja, ijapokuwa wao wenyewe ni weusi. Mwili wa mtoto hukosa ile rangi iikingayo ngozi na jua, na macho yake huwa dhaifu. Naye hufa kama wafavyo watu wote, akazikwa, na ataulizwa amali zake kama wote.

Basi yapasa kupambanua mipaka miwili. Wa kwanza ni mpaka wa mwili wenyewe: jua humwunguza, na macho yake hayafikii herufi zilizo mbali. Mpaka huu ni wa kweli, na kuutunza si unyonge, kwani mwili ni amana. Avae kofia pana na nguo ya mikono mirefu, akae mbele chuoni karibu na mwalimu, na kazi yake aifanye kivulini: kushona nyavu, ufundi wa cherehani, biashara au ualimu. Mpaka wa pili ni ule uwekwao na ndimi za watu: asisome, asioe, asiongoze. Huu hauna asili, na anayeutii humpa jirani yake mamlaka asiyopewa na Mola wake.

Ushahidi u karibu. Katika miaka ya 2007 na 2008 watu wenye ualbino waliuawa Tanzania, khasa sehemu za Ziwa Viktoria, kwa ushirikina wa waganga waliodai kwamba viungo vyao huleta utajiri. Hofu ikaenea nchi nzima, na wengi wangaliona ni busara mtu wa namna hiyo ajifiche. Walakini mwaka 2010 Salum Khalfan Barwany alisimama hadharani katika mji wa Lindi, kaskazini ya Mtwara, akaomba kura kwa Chama cha Wananchi (CUF), akachaguliwa kuwa Mbunge wa Lindi Mjini. Ndiye mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa na wapiga kura wa jimbo katika Tanzania. Alisimama ndimi zikiwa bado zasema, na waliompa kura ni watu wa pwani hii hii, waliokwisha kuyasikia maneno hayo tangu utotoni.

Wala jambo hili si geni katika dini. Sahaba Abdullah bin Ummi Maktum alikuwa kipofu, na kwa sababu yake ilishuka Sura ya Abasa. Alikuwa mwadhini wa Mtume (S.A.W.), na Mtume alimwacha Madina kuwa naibu wake aliposafiri. Upofu wake ulijulikana kwa wote, walakini haukufanywa kipimo cha utu wake. Na katika Sura ya Hujurati, aya ya 11, Waislamu wamekatazwa kudharauliana na kuitana majina mabaya.

Basi, ndugu Muislamu, ikiwa wewe ndiye usemwaye, kila usikiapo "huwezi" jiulize: je, ni mwili unenao, au ni ulimi wa mtu? Ikiwa ni mwili, utunze. Ikiwa ni ulimi, endelea na kazi yako. Nawe uliye baba, usimfiche mwanao ndani. Mpeleke chuoni na skuli. Na wewe ukaaye barazani, jihadhari: neno lako dogo laweza kumfungia mtu mlango ambao Mwenyezi Mungu hakuufunga.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi na shari ya ndimi zetu. Amin.