Tandiko la Nne

Katika darasa yetu ya baada ya Isha, ndugu mmoja alituuliza suala ambalo twaona lafaa kuandikwa, ili faida yake iwafikie na wengine. Alisema: "Sheikh, mimi sina uwezo wa kwenda Hija. Je, nikifa katika hali hii nitakuwa na dhambi?" Tukamuuliza anamiliki nini. Akajibu kuwa ana nyumba anayokaa hapa Mombasa, na nyumba ya pili kijijini kwao, ambayo hufungwa mwaka mzima na kufunguliwa siku chache za Idi. Na ana gari la watu 14 alilolinunua ili awapeleke jamaa zake huko siku hizo hizo. Alipokwisha kuhesabu alinyamaza. Nasi tulinyamaza, kwani twajua kuwa si yeye peke yake.

Basi kabla ya kulijibu suala lake, yatupasa tuutazame msingi wa jambo lenyewe.

Imam Muslim amepokea Hadithi kutoka kwa Jabir bin Abdillahi, ambayo ndani yake Mtume (s.a.w.) ameyahesabu matandiko ya nyumba: la mume, la mke, na la mgeni, ama la nne amelinasibisha na Shetani. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika sherehe yake kuwa makusudio si hesabu ya vitanda. Makusudio ni kwamba kinachozidi haja aghlabu huwekwa kwa ajili ya kujifakhiri.

Katika Hadithi hii mna mafunzo mawili. La kwanza li katika tandiko la tatu. Mgeni haji kila siku, na juu ya hivyo tandiko lake limekubaliwa. Kwa hiyo si kila kitu kitumikacho kwa nadra ni israfu. La pili li katika tandiko la nne: hilo halina mwenyewe anayejulikana. Kazi yetu ni kujua gari letu na nyumba yetu ni tandiko la ngapi. Nasi twaona mtu aweza kujipima kwa masuala matatu.

Suala la kwanza: haja hiyo ikija na kitu hakipo, patatokea madhara gani? Nahodha huchukua maboya ya kuokolea watu, naye amwomba Mungu asiyatumie kamwe. Hiyo si israfu, kwani siku moja ya kuyakosa ni roho za watu. Ama kiti cha jamaa kilichokosekana siku ya Idi, madhara yake ni kupanda matatu.

Suala la pili: je, kitu hicho chapatikana kwa kukodi au kwa kuazima? Hebu tutazame jeneza. Hakuna haja iliyo yakini kama hiyo. Kila nyumba itaifikia. Lakini ni nani kati yetu aliye na jeneza nyumbani kwake? Liko msikitini, na mtaa mzima watumia hilo moja. Ikiwa kwa safari isiyo na shaka twatosheka na kitu cha shirika, mbona kwa safari ya Idi kila mmoja ataka chake?

Suala la tatu: siku zisizo na haja zagharimu nini? Hapa ndipo wengi hughafilika, kwani huhesabu bei ya kununulia tu. Tuseme gari kubwa hula lita moja ya mafuta kwa kilomita 8, na gari dogo lita moja kwa kilomita 16. Mtu akienda kilomita 40 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, amekwenda kilomita 12,000. Gari kubwa limekula lita 1,500, na dogo lita 750. Basi kila mwaka mtu huyu achoma lita 750 kuvichukua viti vitupu kwenda sokoni na kurudi. Hatujataja magurudumu, wala bima, ambayo sheria ya Kenya yailazimisha kwa kila gari liendalo barabarani, likiwa na watu au halina.

Na nyumba ni vivyo hivyo. Tuseme mtu ameongeza chumba cha shilingi 600,000 kwa wageni walalao siku 10 kwa mwaka. Katika miaka 20 ni siku 200. Kila usiku umegharimu shilingi 3,000, mbali na rangi, na mchwa, na chumvi ya bahari ilavyo mabati. Nyumba isiyokaliwa huharibika upesi kuliko inayokaliwa. Wazee wetu wa Lamu walijua mpango huu: walijenga kwa kadiri ya watu waliopo, na binti alipoolewa ndipo walipompandishia orofa juu. Haja ilitangulia, jengo likafuata.

Mtu aweza kusema: "Mimi hununua kwa sababu nikiazima sipewi." Neno hili lina ukweli, nalo latuumiza. Sura ya Al-Maun yawalaumu wenye kuzuia maun, na wafasiri wengi wamesema kuwa ni vyombo vya kuazimana, kama chungu, ndoo na shoka. Tulipofunga milango yetu, kila jirani alilazimika kununua cha kwake. Wala hatujitoi katika lawama hii. Usiku ule tulipofika nyumbani tulifungua kabati letu, tukakuta sahani za watu 40, zimefunikwa vumbi. Na wiki ile ile jirani yetu alikuwa amekodi sahani kwa harusi ya binti yake. Hakutuomba, kwani hakutaraji kupewa.

Sasa twarudi kwa ndugu yetu. Katika madhehebu ya Imam Shafii, mali ya Hija huhesabiwa baada ya kutolewa deni, na matumizi ya watu wa nyumbani mpaka mtu arudi, na nyumba ya kukaa inayomfaa. Hivyo ndivyo vilivyosamehewa. Nyumba ya pili isiyokaliwa haimo katika msamaha huo, wala gari linalozidi haja. Tulimwambia aangalie kwanza: ikiwa nyumba ya kijijini ni urithi wa shirika, fungu lake tu ndilo linalohesabiwa. Ikiwa ni yake peke yake na thamani yake yatosha, basi yeye ni mwenye uwezo. Aweza kuichelewesha Hija kwa azma ya kuitenda, lakini akifa kabla ya kwenda, amekufa na deni.

Hatukumwambia auze kesho kwa hasara. Tulimwambia ashauriane na jamaa zake, na aanze na gari. Naye alituuliza neno moja tu: "Na siku ya Idi tutakwendaje?" Ndugu mwingine aliyekaa nyuma yake akajibu: "Langu lipo. Niambie tu siku."

Mwenyezi Mungu atuwafikishe sote.