Ukingo wa Dari

Wapendwa, twasoma katika Kumbukumbu la Torati 22:8 ya kuwa ajengaye nyumba imempasa kuizungushia dari yake ukingo, mtu asianguke akafa. Angalieni, lililoamriwa ni ukingo wenyewe. Nia njema ya mwenye nyumba haimzuii mtu kuanguka.

Tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar katika nchi ya Bangladesh, jengo la Rana Plaza, lenye orofa nane, liliwaangukia washonaji wa nguo, wakafa watu zaidi ya 1,100. Jana yake nyufa zilikuwa zimeonekana. Benki iliyokuwamo iliwaondoa watu wake. Washonaji waliamriwa kurudi kazini. Na makampuni ya Ulaya na Marekani yaliyonunua nguo za nchi ile, mengi yalikuwa yamekwisha kuandika ahadi za kuwalinda wafanya kazi. Karatasi haina gharama!

Mwezi wa Mei mwaka ule ule yalianza kutia sahihi mapatano ya namna nyingine pamoja na vyama vya wafanya kazi: wakaguzi wasio watumishi wa kiwanda waingie, taarifa zao zitangazwe, na avunjaye neno ashtakiwe mbele ya wasuluhishi. Mwaka 2018 kampuni moja iliyoshtakiwa hivyo ilikubali kulipa dola zaidi ya milioni 2, na sehemu kubwa ikawa ya kuviponya viwanda.