Mwalimu Naye Hujifunza

Mtu akiuvuka Mto Ruvuma kutoka Mtwara huingia Palma, katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji. Akizidi kwenda kusini huifikia Mocímboa da Praia. Watu wa pwani ile husema Kimwani, lugha iliyo ndugu na Kiswahili, na wengi hukijua Kiswahili chenyewe. Lakini utawala wa Wareno ulipokwisha mwaka 1975, Kireno kilibaki kuwa lugha ya shule. Siku hizi ziko shule zinazoanza kwa lugha ya nyumbani, ila hata huko Kireno hakina budi kufuata. Basi mwalimu ana kazi mbili: kufundisha kusoma, na kufundisha lugha ambayo watoto wengi hawakuisikia kwa mama zao.

Chuo hakimwonyeshi yote hayo. Katika Msumbiji shule jirani huunganishwa katika kundi liitwalo ZIP, na walimu wake hukutana kutengeneza masomo pamoja. Nitoe mfano wa kubuni wa jinsi mkutano wa namna hii unavyoweza kumfaa mwalimu.

Mwalimu mmoja aeleza kwamba watoto wake husoma neno “mesa” jinsi lilivyoandikwa, naye amechoka kuwakemea. Mwenzake amwambia: “Usianze na kanuni, ndugu yangu. Gusa meza, uwaulize yaitwaje. Wakisema meza, andika mesa ubaoni, uwaeleze kwamba Mreno akiikuta s moja kati ya vokali mbili huitamka z.” Kwa njia hiyo “casa”, yaani nyumba, husomwa kaza, na “camisa”, yaani shati, husomwa kamiza. Mtoto aona kwamba neno la kwanza alikuwa nalo tangu nyumbani. Hali kadhalika kopo ni “copo”, na bendera ni “bandeira”.

Hapo wa tatu aonya, nami namsifu huyu kuliko wote: “Angalieni! Igreja ni kanisa, lakini gereza letu, ambalo husemwa limetoka huko huko, ni mahali pa wafungwa.” Orodha nzuri yaweza kupoteza darasa zima isipojaribiwa kwanza.

Simu yafaa hapa. Matamshi hayaandikiki vizuri. Hunaswa kwa sauti na kupelekwa kwa WhatsApp pamoja na picha ya ubao, mwenzake akajaribu kesho yake na kujibu. (Kundi lililojaa salamu na mizaha halimfundishi mtu.)

Lakini simu si mtandao tu. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi wa Oktoba 2017 viliwatawanya walimu na wanafunzi. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, mawasiliano ya simu yalikatika. Somo lililokuwa mbali katika mtandao halikupatikana. Lililohifadhiwa ndani ya simu lilikuwa bado la mwenyewe, hata akiwa mkimbizi. Kwa hiyo afadhali mwalimu ahifadhi mapema. Programu iitwayo Kiwix huweza kuweka Wikipedia ya Kireno au ya Kiswahili katika kadi ndogo, ikasomwa pasipo mtandao, na kadi hiyo ikapita mkono kwa mkono.

Msomaji ajaribu sasa: Mreno hulisomaje neno “rosa”? Na “passo”, lenye s mbili?