Kutafuta rilei ya pikipiki ya zamani Kariakoo: mambo ya kupima kabla ya kulipa

WAMILIKI wa pikipiki za zamani jijini Dar es Salaam, hasa Honda, Yamaha na Suzuki za miaka ya 1970 na 1980, hupata taabu kubwa kutafuta kifaa kidogo cha umeme kuliko kutafuta pistoni au mnyororo. Kifaa hicho ni rilei. Pistoni hupimwa kwa milimita na muuzaji akaelewa mara moja. Rilei ni kiboksi cheusi kisichoonyesha kilichomo ndani, na viboksi viwili vinavyofanana kwa sura vinaweza kufanya kazi tofauti kabisa.

Kwa sababu hiyo mnunuzi hununua ya kwanza, ya pili na ya tatu, kila moja kwa maneno ya "hii ndiyo yenyewe", na mwisho fundi huchoka akaunga waya moja kwa moja. Pikipiki huwaka, mwenyewe hufurahi, na baada ya muda mfupi waya zote zilizo chini ya tangi huwa zimeyeyuka pamoja. Gharama ya kusuka waya upya ni kubwa mara nyingi kuliko bei ya rilei, bila kuhesabu siku ambazo pikipiki imelala gereji.

Chukua mfano wa mchuuzi wa samaki anayenunua mzigo wake Soko la Feri, Magogoni, kabla ya jua kuchomoza. Akibonyeza stata kwa mzigo kamili mgongoni mwa pikipiki, anasikia mlio mmoja wa "tik" halafu kimya. Barafu inayeyuka, wateja wa Kigamboni wanamsubiri ng'ambo, na pantoni inaondoka. Kwa mtu huyu rilei ni mtaji.

Kazi yake ni ipi

Rilei ni swichi inayowashwa na swichi nyingine. Ndani yake kuna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa kwenye chuma, ambayo ikipata umeme hugeuka sumaku na kuvuta kipande cha chuma kinachogusanisha ncha mbili nene. Mmarekani Joseph Henry alionyesha utaratibu huo mwaka 1835, na simu za maandishi za telegrafu ziliutumia kusukuma ujumbe mbali zaidi. Jina la Kiingereza lilitokana na farasi wa zamu waliopokezana safari. Ni sawa kabisa kwa mtaa wa Kariakoo, ambao nao ulipata jina kutoka kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Faida yake huonekana kwa hesabu ndogo. Taa kubwa ya wati 60 kwenye mfumo wa volti 12 huvuta ampea 5. Koili ya rilei yenye omu 90 huvuta ampea 0.13 tu. Kwa hiyo swichi ndogo ya kwenye usukani hubeba ampea hiyo chache, na mzigo mkubwa hupita kwenye ncha nene za rilei kutoka betri moja kwa moja. Bila rilei, ampea zote 5 hupita kwenye swichi iliyokwisha zeeka, ambayo hupata moto na taa ikafifia.

Kwanza ijulikane ipo rilei gani

Kosa la kwanza hufanyika nyumbani, kabla mtu hajapanda daladala kwenda Kariakoo. Si kila pikipiki ina rilei zote. Pikipiki ndogo ya kupiga teke mara nyingi ina flasha ya indiketa tu. Yenye stata ya umeme huongeza rilei ya stata, ile yenye boriti mbili nene na waya mbili nyembamba. Pikipiki kubwa, kama BMW za miaka ya 1980, zina rilei kadhaa za mraba zinazochomekwa kwenye soketi. Nyingine zote utakazozikuta zimefungwa kwa tepu chini ya kiti ni kazi ya mafundi waliopita, na hapo ndipo mkanganyiko huanzia.

Jambo la pili ni volti. Pikipiki nyingi ndogo za zamani zilitoka kiwandani na mfumo wa volti 6. Rilei ya volti 12 ikifungwa humo haivuti, kwa sababu sumaku yake haipati nguvu ya kutosha. Kinyume chake, koili ya volti 6 ikipewa volti 12 hupata joto mara nne na huungua. Upo pia mtego wa volti 24. Maduka yanayouza spea za malori hujaza rilei za volti 24, nazo kwa umbo ni zile zile. Ikifungwa kwenye pikipiki ya volti 12 hukaa kimya, na fundi asiyesoma maandishi hutangaza kuwa rilei ni mbovu, akarudi dukani kununua nyingine kutoka boksi lile lile.

Mtego wa tatu huwakamata hata mafundi wazoefu. Katika pikipiki nyingi ndogo taa kubwa haipati umeme kutoka betri bali moja kwa moja kutoka mashineni, na umeme huo hubadilika mwelekeo mfululizo. Rilei ya kawaida ikiunganishwa hapo hutetemeka kama nyuki kwenye kopo, kisha ncha zake huungua. Dalili ni rahisi: kama taa kubwa haiwaki mpaka injini iwake, na huongezeka mwanga kadiri mafuta yanavyoongezwa, basi taa hiyo haitumii betri na rilei haifai mpaka mfumo wenyewe ubadilishwe.

Namba zilizoandikwa miguuni

Rilei nyingi za mraba hufuata namba za Kijerumani, hata zikitengenezwa China au India. Mguu namba 30 hupokea umeme kutoka betri. Namba 87 hupeleka umeme kwenye taa au honi. Namba 85 na 86 ni ncha mbili za koili. Mpaka hapo hakuna shida.

Shida ipo kwenye mguu wa katikati. Katika baadhi ya rilei mguu huo ni 87 ya pili, unaopata umeme wakati rilei imewaka. Katika nyingine ni 87a, ambao hupata umeme wakati rilei imezimwa. Zote mbili zina miguu mitano na huingia kwenye soketi moja bila kulalamika. Mwenye pikipiki iliyohitaji ya kwanza akiuziwa ya pili, kifaa kimoja hubaki kimewaka usiku kucha na asubuhi betri imekufa. Betri hubadilishwa, nayo hufa, na lawama humwangukia muuza betri asiye na hatia. Mnunuzi anashauriwa asome namba ya mguu wa katikati kwa macho yake mwenyewe, kwani muuzaji huhesabu miguu tu.

Baadhi ya rilei zina dayodi ndani ya kuzuia umeme wa koili kurudi. Hizo haziruhusu 85 na 86 kubadilishana: 86 huwekwa chanya na 85 hasi. Mchoro mdogo ubavuni huonyesha kama dayodi ipo. Rilei isiyo na mchoro wowote ubavuni ni bora iachwe hapo hapo kwenye kaunta.

Kwa rilei ya stata, tofauti ya kuangalia ni ya waya nyembamba. Zipo zenye waya mbili za koili, na zipo zenye waya mmoja tu ambazo upande wa pili wa koili hupita kwenye bodi ya rilei hadi kwenye fremu. Ya aina ya pili ikining'inizwa kwenye mpira, au ikifungwa kwenye chuma chenye rangi nene, haiwezi kufanya kazi hata ikiwa mpya kabisa.

Flasha nayo ina tabia yake. Zile za zamani hutegemea joto, hivyo hutaka mzigo maalumu wa balbu. Pikipiki nyingine hutumia balbu za indiketa za wati 10, nyingine za wati 21. Flasha ya wati 21 ikipewa balbu za wati 10, au balbu za kisasa za LED, hupepesa ovyo au haipepesi kabisa. Kwenye zenye miguu mitatu, herufi B ni ya kuingia, L ya kwenda kwenye taa na E ya bodi. Zenye namba za Kijerumani ni 49, 49a na 31 kwa mpangilio huo huo.

Hali ya soko

Tangu biashara ya bodaboda ilipopamba moto mwishoni mwa miaka ya 2000, maduka ya spea za pikipiki Kariakoo yamejaa mali za Boxer, TVS na pikipiki za Kichina. Mwenye Honda ya zamani akitaja aina ya pikipiki yake, jibu la kwanza huwa "hizo hazitoki tena". Jibu hilo ni la kweli kwa jina, lakini si kweli kwa kazi. Rilei ya stata ya pikipiki ya kisasa ya volti 12 yenye boriti mbili na waya mbili hufaa kwa pikipiki nyingi ndogo za zamani, mradi mahali pa kuifunga patoshe. Kwa hiyo ni afadhali mnunuzi asitaje pikipiki. Aweke rilei ya zamani juu ya kaunta na kuomba inayofanana kwa volti, miguu na ampea.

Kwa taa na honi, mali nzuri mara nyingi haipo kwenye maduka ya pikipiki. Ipo kwa wauza spea za magari zilizotumika, upande wa Gerezani na Shauri Moyo, ambako rilei za Toyota hung'olewa kwenye visanduku vya fyuzi vya magari yaliyovunjwa. Rilei ya Kijapani iliyotumika, yenye miguu isiyo na alama za moto, mara nyingi hushinda mpya isiyo na jina. Ila mpangilio wake wa miguu unaweza kutofautiana na ule wa Kijerumani, hivyo inunuliwe pamoja na soketi na vipande vya waya zake.

Bei hutegemea nani amekufikisha dukani. Dalali, ambaye siku hizi huitwa winga, huongeza chake juu ya bei ya muuzaji, na si vibaya kwa mgeni asiyejua uchochoro. Lakini winga hulipwa kwa mauzo, kwa hiyo hatakuambia kwamba rilei siyo. Kuhusu bidhaa bandia, Tume ya Ushindani ndiyo husimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Maandishi yanayofutika kwa kidole, kasha lenye mshono unaofunguka na uzito mwepesi mno ni dalili za kutosha kukataa.

Kupima kwenye kaunta

Risiti nyingi husema vifaa vya umeme havirudishwi, hivyo kipimo chote kifanyike kabla ya kulipa. Mnunuzi aje na mita ndogo ya fundi na betri ya volti 12 iliyojaa chaji. Koili ya rilei ya kawaida ya volti 12 husoma kama omu 70 hadi 100. Ya rilei ya stata husoma omu chache tu, mara nyingi kati ya 3 na 5, na hilo lisimtishe mtu. Kisha koili ipewe umeme: lazima isikike ikigonga, na mita isome karibu sifuri kati ya 30 na 87. Irudiwe mara kumi. Inayogonga mara nane ni mbovu.

Mlio peke yake hauthibitishi kitu, kwani ncha zinaweza kugonga huku zimeungua. Hivyo ndivyo ilivyo kwa yule mchuuzi wa Feri, iwapo betri yake inasoma volti 12.6 kabla ya kubonyeza stata na haishuki sana anapobonyeza. Ikishuka chini ya volti 10, tatizo ni betri na safari ya Kariakoo haina maana. Ikibaki juu na stata haizunguki, mita iwekwe kwenye boriti mbili za rilei wakati stata imebonyezwa. Ikisoma volti kadhaa badala ya sehemu ndogo ya volti moja, ncha zimeungua.

Pikipiki zinazolala karibu na bahari zina adui mwingine. Chumvi hula soketi kabla ya kula rilei, na rilei mpya kwenye soketi yenye kutu ya kijani itapata moto kama ile iliyotolewa. Soketi isuguliwe kwa msasa laini au ibadilishwe, miguu ya rilei ielekezwe chini ili maji yasitulie, na fyuzi ya ampea 10 iwekwe karibu na betri kwenye waya wa taa.

Mzigo unaoingia mwezi ujao si lazima ufanane na wa leo. Kwa hiyo rilei ikishapimwa na kufaa, ni vyema kununua mbili za boksi moja, ya pili ifungwe kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti pamoja na karatasi yenye mchoro wa waya: rangi ipi imeingia mguu upi.