Gari linalokaa chini usiku

SWALI: Fundi, nimelifungia gari langu suspensheni ya hewa. Jioni naliacha limesimama sawasawa, asubuhi nalikuta kona ya mbele kushoto imelala, na kompresa haipumziki. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu, usinunue kifaa chochote kabla ya kupata mahali hewa inapotokea. Jaza mfumo, zima gari, kisha pulizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo; mapovu yatakuonyesha. Kwa kuwa ni kona moja tu, anza na puto la hewa la kona hiyo, mpira wake wa kupitishia hewa na valvu yake. Gari likibaki juu huku geji ya tangi ikishuka, hapo ndipo utashuku tangi au valvu ya kompresa inayozuia hewa kurudi.

Mara nyingi tatizo ni ncha ya mpira. Ikikatwa mshazari, haishiki vizuri ndani ya kiungo cha kuchomeka. Ikate upya kwa wembe mkali, mkato uwe umenyooka, kisha isukume hadi mwisho. Kwenye nyuzi za kiungo cha kukaza zungushia tepu ya mafundi bomba, ila uache uzi wa kwanza wazi ili vipande visiingie kwenye valvu.

Puto lililokwaruzika usilibandike kiraka. Libadilishe, na uondoe kilicholikwaruza.

Usiingie kamwe chini ya gari lililobebwa na hewa peke yake. Liweke juu ya stendi imara, toa hewa yote, ndipo ufungue kiungo. Na usichelewe: kompresa isiyopumzika huungua.