Anaweza kuacha pombe akiwa nyumbani?

SWALI: Daktari, mume wangu ana miaka 41, anabeba mizigo mpakani Malaba. Zamani alikunywa ajon, pombe yetu ya wimbi, jioni na wazee wenzake. Siku hizi ni waragi, pombe kali, tangu asubuhi. Asipoipata, ikifika saa nne mikono inamtetemeka hadi anamwaga chai. Mwaka jana alijaribu kuacha. Siku ya pili akaanguka kifafa, tukampa pombe kidogo akatulia. Sasa amesema kwa kinywa chake kwamba amechoka. Tumeambiwa nyumba za kutibu walevi ni ghali na ziko mbali. Shemeji zangu wanataka tumfungie chumbani wiki moja. Jirani amenipa vidonge nimtilie kwenye chai bila yeye kujua. Mama mkwe naye anapika ajon ya kuuza hapo hapo uani, na ndiyo inayotulipia karo. Je, mtu anaweza kuacha pombe akiwa nyumbani? – Mama wa watoto wanne, Mella, Uganda.

JIBU: Mama, pole kwa mzigo huo, na hongera kwa kutokata tamaa. Mumeo kukiri kwamba amechoka ni jambo kubwa, msilipoteze. Ila umetaja kwa kupita tu jambo linaloamua mengine yote: kile kifafa cha mwaka jana. Kwa sababu ya kifafa hicho, jibu langu lina sehemu mbili. Siku za kwanza za kuacha azipitie hospitalini. Kuishi bila pombe baada ya hapo, hilo atajifunza nyumbani, na nyumbani panaweza kumfaa sana.

Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Mtu anapokunywa kila siku kwa miaka, ubongo huzoea kujisukuma kwa nguvu ili ufanye kazi hivyo hivyo. Pombe ikikatika ghafla, msukumo ule unabaki bila kizuizi. Ndani ya saa 6 hadi 24 mikono hutetemeka, jasho hutoka, moyo huenda mbio na usingizi hupotea. Kifafa huja zaidi katika siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka, huona wadudu au watu wasiokuwepo, homa ikapanda. Hali hiyo isipotibiwa huua. Aliyewahi kupata kifafa kwa kuacha pombe yumo hatarini zaidi kukipata tena.

Kwa hiyo msimfungie chumbani. Akianguka usiku mlango umefungwa, mtamfikia mmechelewa. Vidonge vya jirani navyo usivitumie. Dawa ya namna hiyo inayojulikana zaidi ni disulfiramu. Inamsaidia mtu aliyekubali kuimeza, aliyepimwa na daktari, na ambaye pombe imeshamtoka mwilini. Ukimtilia kisiri naye akanywa waragi, atatapika, presha itashuka, moyo utaenda mbio, na anaweza kufa. Hata akipona, siku akigundua hatakuamini tena, na imani kati yenu ndiyo nyenzo yenu kubwa.

Fanyeni hivi. Nendeni pamoja katika kituo cha afya kilicho karibu, muombe barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Tororo, au Hospitali ya Rufaa ya Mbale ambako kuna huduma za afya ya akili. Walio upande wa Kenya waende Kocholya au hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Busia. Mwelezeni mhudumu bila kuficha: anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, alikunywa lini mara ya mwisho, na kwamba aliwahi kuanguka kifafa. Mpaka afike hospitalini asiache ghafla. Hospitalini atapewa dawa ya kutuliza ubongo, mara nyingi diazepamu, kwa dozi inayopunguzwa siku hadi siku, pamoja na thiamini, yaani vitamini B1, kwa sababu upungufu wake kwa wanywaji huharibu kumbukumbu na mwendo. Diazepamu msijinunulie dukani. Ikichanganyika na pombe inaweza kumzuia mtu kupumua.

Kwa kawaida hatari ya siku za kwanza za kuacha hupita ndani ya wiki moja hivi. Hapo ndipo kazi yenu inaanza, maana kusafisha mwili si kupona. Wengi hurudia pombe kwa sababu wanatoka hospitalini na kurudi kwenye kiti kile kile, marafiki wale wale na chungu kile kile.

Zipo nyumba duniani zilizojengwa juu ya ukweli huo. Mwaka 1975, huko Silver Spring katika jimbo la Maryland, Marekani, watu waliokuwa wakiacha pombe walipanga nyumba moja wakaiita Oxford House. Haikuwa na daktari wala msimamizi. Masharti yalikuwa machache: wanaendesha nyumba kwa kura, kila mmoja analipa sehemu yake, na anayekunywa anaondoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuata watu 150 waliotoka kwenye matibabu. Baada ya miaka miwili, waliokuwa wakitumia pombe au dawa za kulevya walikuwa asilimia 31 miongoni mwa waliopelekwa kwenye nyumba hizo, na asilimia 65 miongoni mwa waliopata huduma za kawaida za baada ya matibabu. Zanzibar nako kuna soba hausi ambako waliokuwa watumiaji wa heroini wanawalea wenzao wanaoanza kuacha. Majengo yenyewe ni ya kawaida. Kinachowaponya watu humo ni masharti yanayojulikana na wenzao wanaoyashika, na hayo Mella mnaweza kuyapata.

Kwanza, pombe itoke nyumbani. Najua ajon ya mama ndiyo karo, na sisemi ni mtu mbaya. Lakini mwanamume aliyeacha pombe juzi hawezi kulala hatua kumi kutoka chungu kinapomiminiwa maji moto, huku wazee wakivuta mirija na kumwita kwa jina. Kaeni na mama mkwe, mwanawe akiwepo, mumwombe ahamishie biashara kwa ndugu mwingine, au auze wimbi na unga badala ya pombe. Ikishindikana, mumeo ndiye ahame kwa miezi mitatu ya mwanzo. Tafuteni baba mdogo au mjomba asiyekunywa, ambaye nyumbani kwake hapauzwi kitu, akae huko, nanyi mmtembelee.

Pili, fedha. Kibarua cha Malaba hulipwa jioni, taslimu, na kati ya mpakani na nyumbani kuna vibanda visivyohesabika. Uganda ilipiga marufuku waragi wa vifuko mwaka 2019, ila chupa ndogo bado zipo. Yeye mwenyewe, bila kulazimishwa, amwombe msimamizi wake amtumie malipo kwa simu, sehemu iingie moja kwa moja kwenye kikundi chenu cha akiba. Saa ya kutoka kazini awe na mtu wa kurudi naye.

Tatu, wenzake. Kule Eldoret watafiti waliwafundisha watu wasio madaktari kuongoza vikundi vya wagonjwa wa kliniki za HIV waliokuwa wakinywa. Katika vikao vya kila wiki walijifunza kutambua kinachowasukuma kunywa, kukataa wanapokaribishwa, na kujipangia la kufanya hamu inapowajia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, ya watu zaidi ya 600, yalionyesha kwamba unywaji ulipungua. Mwombeni mhudumu wa afya wa kijiji, katekista au mchungaji awakusanye hata wanaume watatu wenye nia hiyo, wakutane siku ile ile kila wiki mahali pasipo na pombe. Walio Kenya wanaweza pia kupiga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wakapata ushauri.

Siku za matanga na harusi zipangieni mapema. Afike mchana akiwa na mwenzake, atoe rambirambi au zawadi yake, aondoke kabla vyungu havijatolewa. Wazee wa ukoo waambiwe wazi kwamba anatibiwa, ili kukataa kwake mrija kusihesabiwe kuwa dharau.

Akiteleza akanywa siku moja, msimtangaze wala msiseme yote yamekwisha. Mrudi kwa mhudumu haraka, mtazame pamoja nini kilitokea. Akiwa amekunywa siku kadhaa mfululizo, asikatize tena mwenyewe. Arudi hospitalini.

Nawe mama, usijisahau. Ulevi wake hukuuleta wewe na huwezi kuuacha kwa niaba yake. Akikupiga au akitishia watoto, ondokeni kwanza, mengine yatafuata.

Kwa wasomaji wengine: kuanza kuacha nyumbani kunawezekana kwa mtu ambaye hajawahi kupata kifafa wala kuweweseka, hana ugonjwa mwingine mkubwa, ana mtu mzima asiyelewa wa kukaa naye usiku na mchana, na mhudumu wa afya anamwona kila siku katika siku za mwanzo. Sharti moja likikosekana, aanzie hospitalini.

Mama, kazi ya wiki hii ni moja: mpeleke kituo cha afya wakati bado anasema amechoka. Wazee wa Mella na majirani, nawaomba nanyi: akirudi, mkaribisheni kwa chai au uji, na mrija msimpe.