Gari la Kifahari Lililoinama: Uchunguzi wa Springi na Shokomzoba

Utangulizi

Barabara za udongo za Mbalibali, katika Mkoa wa Mara, hukauka na kuwa ngumu baada ya mvua. Magari yanapoendelea kupita, uso wake hujaa matuta madogo yaliyopangana kama mawimbi ya ziwa. Malori, mabasi na magari ya watalii waendao Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hutikiswa mamia ya mara kwa kila kilometa. Katika hali hiyo hata gari la kifahari, lililoundwa ili abiria asihisi shimo, huharibika.

Chukulia mfano wa gari kubwa la kifahari lenye springi za hewa. Jioni limeegeshwa likiwa limesimama sawasawa. Asubuhi pembe yake ya nyuma, upande wa kushoto, imeinama. Dereva awashapo injini, gari huinuka baada ya dakika chache na safari huendelea. Baada ya majuma kadhaa gari haliinuki tena. Fundi wa kwanza anashauri inunuliwe kompresa mpya. Wa pili anasema shokomzoba zimekufa. Wa tatu anataka springi zote nne zibadilishwe. Vipuri hivyo ni vya gharama kubwa. Fizikia ya shule ya sekondari yaweza kuamua ni nani aliye sahihi kabla ya boliti hata moja kufunguliwa.

Viungo vitatu na kazi zake

Springi hubeba uzito wa gari na kuhifadhi nishati gurudumu linapopanda tuta. Shokomzoba, ambayo mafundi wengi huiita shokapu, haibebi uzito. Kazi yake ni kuimaliza nishati iliyohifadhiwa na springi: pistoni husukuma mafuta yapite katika matundu membamba, na nishati ya mwendo hugeuka kuwa joto. Kundi la tatu ni viungo vinavyolishika gurudumu mahali pake: mikono ya chuma, bushi za mpira na boljointi.

Kutokana na mgawanyo huo wa kazi hupatikana kanuni ya kwanza ya uchunguzi. Gari lililoinama lina ubaya katika kinachobeba uzito. Gari linaloendelea kuyumba baada ya tuta lina ubaya katika kinachomaliza nishati. Na gari linalogonga au kuvuta upande mmoja lichunguzwe kwanza viungo vyake.

Hesabu ya springi

Kwa Kanuni ya Hooke, kani katika springi ya chuma hulingana na kiasi cha kubonyea kwake. Ikiwa gurudumu moja limebeba kilogramu 500 za gari, kani ni nyutoni 4,900. Springi yenye ugumu wa nyutoni 30,000 kwa mita itabonyea mita 0.16 hivi. Pembe hiyo ya gari ikisukumwa na kuachwa, itapanda na kushuka mara 1.2 kwa sekunde. Mwendo huo wa polepole ndio raha anayoihisi abiria.

Gurudumu lenyewe ni jepesi kuliko gari, nalo limekaa juu ya tairi lililo gumu kuliko springi. Likiwa na kilogramu 50 na tairi lenye ugumu wa nyutoni 200,000 kwa mita, gurudumu hutetema mara 11 hivi kwa sekunde.

Sasa matuta ya barabarani yaingizwe katika hesabu. Ikiwa umbali kati ya tuta na tuta ni mita 0.75, gari liendalo kilometa 30 kwa saa, yaani mita 8.3 kwa sekunde, hukutana na matuta 11 kila sekunde. Idadi hiyo ni sawa na mitetemo ya asili ya gurudumu. Kila tuta huongeza nguvu ya mtetemo uliopita, kama mtoto anayesukumwa katika bembea kwa wakati wake. Shokomzoba nzima huuzuia mtetemo huo. Iliyochakaa huliacha gurudumu lirukeruke, na gurudumu lililo hewani haliwezi kufunga breki wala kufuata usukani. Kwa hiyo shokomzoba mbovu si jambo la kupoteza raha tu. Ni hatari kwa abiria na kwa watoto wanaotembea kando ya barabara kwenda shule.

Mwaka 2007 wanafizikia Taberlet, Morris na McElwaine walionyesha kwa majaribio kwamba matuta hayo hutokea hata pale kitu kinachopita juu ya mchanga hakina springi yoyote, mradi mwendo wake umezidi kiwango fulani. Hivyo si springi za magari pekee zinazoyaumba. Mwendo wa kasi juu ya udongo usioshikamana watosha.

Springi ya hewa

Range Rover ilipotolewa nchini Uingereza mwaka 1970 ilikuwa na springi za koili katika magurudumu yote manne, wakati Land Rover za siku hizo zilitumia springi za majani. Mwaka 1992 Range Rover ilianza kupatikana na springi za hewa. Springi hiyo ni mfuko wa mpira uliojazwa hewa. Ikiwa eneo linalobeba uzito ni mita ya mraba 0.01, kani ile ya nyutoni 4,900 huhitaji kanieneo karibu mara 5 ya kanieneo ya angahewa, juu ya ile ya kawaida.

Kompresa hujaza hewa, vali huigawa, na sensa katika kila gurudumu hupima kimo cha gari. Kimo kikipungua, kompresa huamriwa kufanya kazi. Hapa ndipo ubaya hujificha: mfuko ukipata ufa mdogo, kompresa huurudisha upungufu, na dereva haoni lolote ila asubuhi. Kompresa iliyoundwa kufanya kazi kwa dakika chache hulazimika kufanya kazi kutwa, hupata joto, na mwishowe huungua.

Hatua za uchunguzi

1. Gari liegeshwe mahali tambarare. Upimwe umbali kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi, jioni na tena asubuhi. Pembe moja ikishuka peke yake, mfuko wake, bomba lake au vali yake huvuja. Pembe ikiwa imeinama lakini kimo chake hakibadiliki usiku kucha, fimbo ya sensa ikaguliwe kama imepinda au imevunjika.

2. Gari likiwa limeinuka, maji ya sabuni yapakwe kwenye mikunjo ya mfuko na maungio ya bomba. Povu linaloota ndilo linaloonyesha tundu. Tope lioshwe kwanza, kwani hufunika nyufa.

3. Shokomzoba zikaguliwe kama zimelowa mafuta. Baada ya safari ya njia mbovu, joto lake lilinganishwe kwa kusogeza mkono karibu bila kushika. Iliyo baridi kuliko wenzake haifanyi kazi, kwa sababu haigeuzi nishati kuwa joto.

4. Gurudumu liinuliwe kwa jeki na gari liwekwe juu ya stendi. Gurudumu litikiswe kwa mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini. Likicheza, boljointi au beringi imelegea. Litikiswe tena kushoto na kulia; likicheza hivyo tu, viungo vya usukani vikaguliwe.

5. Tairi litazamwe. Likiwa limelika kwa mabonde mabonde, mara nyingi shokomzoba imechoka; likiwa limelika upande mmoja, gurudumu halikukaa sawa.

Hukumu na matengenezo

Katika mfano wa hapo juu, pembe moja ilishuka usiku na kuinuka injini ilipowashwa. Hivyo kompresa ilikuwa nzima mwanzoni, na hewa ilivuja. Kompresa ilikufa baadaye kwa kufanya kazi kupita kiasi. Fundi wa kwanza ameona matokeo lakini hakuona chanzo: kompresa mpya ikifungwa bila mfuko kubadilishwa, nayo itaungua. Mfuko ubadilishwe kwanza, kisha kompresa. Shokomzoba zibadilishwe mbili mbili kwa mhimili mmoja, ili pande zote zitende sawa.

Wako wenye magari wanaoondoa mifuko na kuweka springi za koili. Njia hiyo hupunguza gharama na hufaa njia mbovu, lakini gari hupoteza uwezo wa kujisawazisha linapobeba mzigo, na springi lazima zilingane na uzito wake.

Hadhari

Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililobebwa na jeki pekee au na springi za hewa. Hewa itolewe kabla ya bomba kufunguliwa. Springi ya koili isifunguliwe bila chombo cha kuibana: ile ya mfano, ikiwa imebonyea mita 0.15, huhifadhi juli 337. Nishati hiyo ni sawa na ya jiwe la kilogramu 20 lililoanguka kutoka kimo cha mita 1.7.

Jaribio la darasani

Tundika uzito kwenye springi, uvute na kuuachilia, kisha hesabu mitetemo hadi itulie. Funga kipande cha bati chini ya uzito, kitumbukize kikiwa kimelala katika ndoo ya maji, na urudie. Maji yamefanya kazi ya shokomzoba.

Maswali

1. Gari lina springi nzima lakini shokomzoba zote zimekufa. Je, litainama? Eleza.
2. Kwa matuta yenye nafasi ya mita 0.6, ni mwendo gani utakaolitetemesha gurudumu mara 11 kwa sekunde?
3. Kwa nini joto la shokomzoba ni dalili ya uzima wake?